Kioo cha kukinga lenzi ya kamera: tununue kipi?



Tangu tawi letu la Gatete liliponunua kamera ya video kwa michango ya wanachama, swali moja hunijia kila mara. Ni lile la kioo kidogo cha duara kinachofungwa mbele ya lenzi, ambacho wauzaji hukiita filta ya UV. Wengine wanasema ni cha lazima, wengine wanasema ni ulaji wa wauzaji tu. Mimi si fundi wa kamera na shule yangu iliishia msingi, lakini kamera hii nimeishika kwenye mashine za mawese, ufukweni kwa wavuvi na katika sikukuu ya Mei Mosi, na niliyojifunza nimejifunza kwa hasara.

Hasara yenyewe ilikuwa hivi. Siku moja tulikwenda kupiga picha za wenzetu wanaokamua mawese, tupate kuonyesha jinsi wanavyosimama karibu na mapipa ya moto bila viatu vya kazi wala glovu. Tone la mafuta likaruka likatua kwenye lenzi. Ndugu mmoja kwa nia njema akalifuta kwa pindo la shati, na shati lilikuwa na vumbi. Mkwaruzo ule haukutoka tena. Katika kamera ya namna yetu lenzi haibandukani na mwili, hivyo kuibadilisha ni karibu sawa na kununua kamera nyingine. Na fedha ile ilikuwa jasho la watu wanaobeba mikungu ya chikichi mabegani.

Sasa tuelewe jina. UV ni miale ya urujuanimno, sehemu ya mwanga wa jua ambayo jicho haliioni. Zamani za filamu, miale hiyo iliingia katika filamu na kuleta utando wa kibuluu kwenye picha za mbali, hasa milimani juu, na filta iliizuia. Kamera za siku hizi hazina filamu. Zina kipande cha kupokea mwanga, na mtengenezaji amekwisha kuweka mbele yake kioo cha kuzuia miale hiyo. Tena ziwa letu lipo kama mita 770 tu juu ya bahari. Kwa hiyo muuzaji akikuambia kwamba filta yake itaondoa ukungu ili milima ya Kongo ng'ambo ionekane safi, usimsadiki. Ukungu wetu wa kiangazi ni moshi wa majani yanayochomwa pamoja na vumbi, na kioo hakiondoi moshi. Wala hakipunguzi mng'ao wa jua juu ya maji. Hiyo ni kazi ya filta ya namna nyingine, ile inayozungushwa.

Tunachonunua basi ni kinga dhidi ya mafuta, mchanga na vidole. Kamera ikianguka, usitegemee sana kioo hicho, maana vipande vyake vinaweza kuikwaruza lenzi yenyewe.

Kabla ya kwenda Bujumbura kununua, tazama namba mbele ya lenzi au katika kitabu cha kamera. Imeandikwa baada ya alama ya duara lililokatwa na mstari: 37, 43, 46, 52, 58, 72 na kadhalika. Ni milimita za upana wa sehemu ya kukazia. Usiichanganye na zile namba mbili zenye kistari katikati, hizo ni za kuvuta picha karibu na mbali.

Jambo kubwa ni kioo kuwa kimepakwa dawa ya kupunguza mwako. Kioo kitupu hurudisha kama asilimia 4 ya mwanga kwa kila upande, yaani 8 kwa pande mbili. Mchana huenda usione tofauti. Usiku ndipo taabu. Wenzetu wavuvi huvua ndagala kwa taa usiku wa giza. Zipige picha taa zile kwa kioo kitupu, utaona taa nyingine ya kivuli ikielea mahali pasipo na mtumbwi. Anayetaka kuipinga picha yako atauliza taa hiyo ni ya nani, nawe utamjibu nini? Kioo kizuri kilichopakwa tabaka nyingi hurudisha chini ya asilimia 1. Kukipima ni rahisi: kishike chini ya taa ya dukani, utazame taa inavyojionyesha juu yake. Ikiwa nyeupe kali, ni kioo kitupu. Ikiwa hafifu, ya kijani au zambarau, kimepakwa. Kisha kiweke juu ya karatasi nyeupe: karatasi isibadilike rangi.

Hata hicho kizuri mimi hukiondoa usiku, kama hakuna mafuta wala mchanga karibu.

Ukiruhusiwa, kifunge hapo dukani. Vuta kitu cha mbali hadi mwisho, kwanza na kioo kisha bila kioo. Picha ikilegea, mrudishie mwenyewe. Halafu panua picha hadi mwisho: pembe zikiwa nyeusi, fremu yake ni nene mno. Usifunge viwili pamoja.

Vumbi juu ya kioo, kamera ikiwa imepanuliwa na jua ni kali, huonekana katika picha kama madoa. Lipulize kwanza kwa kipulizio cha mpira, ndipo ufute kwa kitambaa laini. Shati hapana!

Usikikaze kwa nguvu, maana fremu ya alumini hung'ang'ania. Kikigoma kufunguka, usikibane kwa koleo. Funga ukanda wa mpira wa ndani wa baisikeli kuzunguka fremu, zungusha polepole bila kuminya, nacho kitalegea.