Uvimbe wa taya kwa mtoto: si kila mara ni jino, wala si husuda



Mtoto akivimba taya, wengi wetu hudhani ni jino. Wengine husema ni husuda, na wiki zikapita kwa kombe na miti shamba. Tumeona ni vyema tueleze maradhi mamoja yasiyosubiri: saratani ya Burkitt.

Jina hilo ni la Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1958 alichapisha habari za watoto wa Uganda waliokuwa na uvimbe wa taya unaokua kwa kasi ya ajabu.

Nini hutokea mwilini? Kila seli ina jeni, yaani maagizo ya kazi zake, lakini hayasomwi yote kwa wakati mmoja. Zipo protini zinazojishika kwenye jeni na kuamua ipi isomwe na ipi inyamaze. Hizo ndizo protini za unukuzi, na mojawapo huitwa MYC. Mwili ukihitaji seli mpya, MYC huongezeka na kuziamsha jeni za kukua na kugawanyika. Nusu yake huvunjika ndani ya takriban nusu saa, hivyo isipotengenezwa nyingine, amri hukoma.

Katika saratani hii, hitilafu huingia kwenye seli nyeupe za damu zinazotengeneza kingamwili. Kipande cha kromosomu namba 8 chenye jeni ya MYC hukatika na, mara nyingi, kuungana na kromosomu namba 14, kando ya jeni za kingamwili. Katika seli hizo, jeni za kingamwili husomwa muda wote. Basi jirani yake MYC nayo husomwa muda wote, na seli huamriwa kugawanyika bila kupumzika. Uvimbe unaweza kuongezeka maradufu kwa siku 1 hadi 2.

Malaria ya mara kwa mara na virusi vya Epstein-Barr vinahusishwa na maradhi haya. Hitilafu yenyewe mtoto hakuirithi, na uvimbe wake hauambukizi wenzake. Basi mama asilaumiwe, wala jirani asishutumiwe.

Kasi hiyo hiyo ndiyo udhaifu wa saratani hii, kwani dawa za saratani huziua zaidi seli zinazogawanyika upesi. Watoto wengi hupona wakiwahiwa na kumaliza matibabu.

Kwa hiyo, ukiona taya au tumbo linavimba ndani ya siku chache, meno yanalegea bila sababu, au jicho linatokeza, mpeleke mtoto hospitali siku hiyo hiyo. Dua na kisomo viendelee, lakini viende pamoja na daktari. Kutafuta tiba hakupunguzi tawakkul.

Allah awape shifaa watoto wetu. Aamin.