NYUMBA NA UA, SEHEMU YA TANO: Kibaraza Kabla ya Mbao

Sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib, lile jumba la Mji Mkongwe, Unguja, ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020, watu wawili walipoteza maisha. Tangu siku ile, kila habari ya ukarabati wake inapotoka gazetini mazungumzo huwa ni yale yale: mnara wa saa, nguzo za chuma, fedha zitatoka wapi. Mimi jicho langu hukimbilia vile vibaraza vipana vilivyolizunguka jumba lile ghorofa kwa ghorofa, ambavyo Sultani Barghash aliliwekea alipolijenga mwaka 1883. Jumba linatazama baharini, upande wa machweo, na jua la alasiri pale Forodhani halina huruma. Vibaraza ndivyo vilivyokuwa vikilipokea jua hilo kabla halijagusa ukuta. Waliokaa ndani waliishi kivulini, na waliotaka upepo walitoka hatua mbili tu wakaupata.

Tangu nilipoandika juu ya ua, wasomaji kadhaa wameniuliza kuhusu vibaraza vya mbao vya nyuma ya nyumba, vile wanavyoviona kwenye picha za simu: sakafu ya mbao iliyoinuliwa kidogo kutoka ardhini, viti viwili vitatu, taa zinazoning'inia. Wanataka kujua mbao gani na fundi gani. Nitafika huko. Lakini atakayeanza na mbao atajenga kitu cha kupigia picha, na baada ya miezi sita patakuwa pa kuanikia nguo. Kwanza ajue nani atakaa pale, saa ngapi, akitazama nini. Wazee wetu waliyajibu maswali hayo vizuri kuliko sisi, na ushahidi upo.

Tuanze Mtoni, kaskazini kidogo ya Mji Mkongwe, kwenye kasri alilokaa Sultani Seyyid Said, baba yake Barghash. Binti yake Salme, aliyezaliwa humo mwaka 1844 na baadaye kujulikana Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, aliieleza nyumba hiyo katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886. Anasema mbele ya kasri, upande wa bahari, palikuwa na jengo la duara, kubwa, lililo wazi pande zote, lenye paa mfano wa hema. Sakafu yake, kizuizi chake cha pembeni na paa lake vyote vilikuwa vya mbao iliyopakwa rangi. Baba yake alikuwa akitembea humo huku na huku kwa saa nyingi, kichwa kakiinamisha, akichechemea kwa jeraha la vita la zamani. Familia ilikunywa kahawa hapo, na darubini moja iliwekwa kwa matumizi ya wote.

Msomaji aliyeniuliza kuhusu kibaraza cha mbao aone kwamba jibu lake lilikwisha kujengwa Unguja karibu miaka 200 iliyopita, na lilijengwa kwa akili. Mwenye nyumba alikuwa mtu wa bahari. Mali yake, merikebu zake na wasiwasi wake vyote vilikuwa majini, kwa hiyo mahali pake pa kupumzikia palielekezwa majini. Alikuwa na watoto wengi, ndiyo maana sakafu ikawa pana. Alipenda kutembea huku akifikiri, na katika duara mtu hutembea bila kukwama pembeni. Kila kipimo kilitokana na maisha ya mwenyewe.

Barghash alimfuata baba yake. Kule Maruhubi, kwenye kasri alilolijenga mwanzoni mwa miaka ya 1880, alizungushia kibaraza kikubwa cha mbao juu ya nguzo nene za mawe. Moto wa mwaka 1899 uliteketeza mbao zote. Nguzo bado zimesimama, zimepangana hadi karibu na ufukwe, na anayepita katikati yake anaweza kukadiria upana wa kile kibaraza kwa hatua zake mwenyewe. Ninawasihi walimu wapeleke watoto pale. Mtoto akiziona nguzo zile ataelewa kwamba kwa watu wa pwani kukaa nje lilikuwa jambo la kugharimiwa na kupangwa.

Na tusidhani ni mambo ya masultani wa Unguja peke yao. Katika magofu ya Songo Mnara, karibu na Kilwa, nyumba za mawe za karne ya 14 na 15 zina viwanja vya ndani vilivyoshushwa chini, vyenye ngazi pembeni ambazo watu waliweza kuzikalia. Husuni Kubwa, jumba lililojengwa juu ya jabali la Kilwa Kisiwani mwanzoni mwa karne ya 14, lina uwanja wa namna hiyo, na lina birika la pembe nane lililo wazi juu. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, na katika habari za sultani wa huko alichokisifu zaidi ni ukarimu. Anasimulia kwamba fakiri mmoja alimsimamisha sultani njiani akitoka sala ya Ijumaa, akamwomba nguo alizovaa, na akapewa. Mtawala huyo aliweza kufikiwa na mtu wa njiani, na kwangu hilo lina uhusiano wa moja kwa moja na ujenzi: nyumba nayo ilijengwa ili mtu wa njiani aifikie.

Ndipo ninapofika kwenye baraza lenyewe, la mbele ya nyumba. Daka na tekani za Lamu, zile kumbi za mlangoni, tulikwisha kuzitazama katika sehemu ya pili, sitarudia. Ninalolitaka hapa ni lile benchi la mawe lililoshikana na ukuta wa nje, kimo cha goti, lililopigwa chokaa au simenti hadi likateleza. Tazama moja kwa karibu, Ng'ambo au Kariakoo, penye nyumba za zamani zilizosalia. Ukingo wake umekuwa mviringo kwa kukaliwa, na rangi nyekundu ya simenti imefifia katikati, pembeni bado imekoza. Asubuhi muuza kahawa hutua hapo dele lake na kashata zake, alasiri hushika zamu wacheza bao na karata, na mvua kubwa ikijaza vichochoro vya Mji Mkongwe wapita njia hupanda juu yake na kutembea bila kulowa miguu. Mwenye nyumba ametoa ardhi yake, mawe yake na chokaa yake kumkalisha mtu asiyemjua jina. Nyuma, uani, wanawake walikuwa na baraza lao, penye kinu, mbuzi ya kukunia nazi na mkeka, ambapo jirani aliingia kwa hodi moja. Nyumba moja ilikuwa na sehemu mbili za kukaa nje, kila moja ikiwa na watu wake na saa zake.

Leo tunafanya nini? Tunaanza na ukuta wa mita mbili na nusu, tunapanga vipande vya chupa juu yake, tunafunga geti la bati zito, kisha eneo lote lililobaki tunalifunika kwa matofali ya zege. Maji ya mvua hayana pa kuzamia, yanakimbilia kwa jirani wa bondeni. Mti mmoja wa kivuli uliokuwepo umekatwa kwa sababu ulidondosha majani. Halafu mwenye nyumba analalamika kuwa nje hakukaliki, anawasha kiyoyozi. Wezi wapo, nakiri, na mtu ana haki ya kulinda watoto wake. Lakini mtaa ambao watu wamekaa nje unalindwa na macho mengi, na hilo vipande vya chupa haviwezi. Tumesema miaka yote mgeni njoo, mwenyeji apone, kisha tunajenga nyumba ambazo mgeni anabaki kupiga simu akiwa getini. Anayejenga kibaraza cha nyuma na atenge pia mita mbili za benchi mbele, nje ya geti, chini ya kivuli. Itamgharimu matofali machache na mifuko miwili ya saruji.

Sasa kibaraza cha nyuma, kwa ufupi. Dar es Salaam na mwambao wake, upande bora ni mashariki ya nyumba. Kusi hupiga kutoka kusini na kusini mashariki, kaskazi kutoka kaskazini mashariki, kwa hiyo upande huo hupata pepo zote mbili, na kuanzia adhuhuri nyumba yenyewe huutilia kivuli. Ukilazimika kukaa magharibi, fanya kama Barghash: paa pana, lililoshuka chini. Arusha mambo hugeuka, kwa baridi ya Juni na Julai jua hutafutwa.

Familia inayokula juu ya mkeka itahitaji upana wa mita mbili hivi, na mbao zilizopigwa randa vizuri. Wenye meza na viti sita watahitaji kama mita tatu kwa tatu ili mtu asogeze kiti bila kudondoka. Sakafu iwe chini ya sakafu ya ndani kwa sentimita tano hivi, mvua isiingie. Mzee akiwepo nyumbani, ngazi ziwe fupi na kuwe na cha kushika.

Nguzo zisizikwe udongoni. Zisimame juu ya zege, kwenye vishikio vya chuma vinavyoziinua kidogo, ili mchwa akipanda njia yake ya udongo ionekane. Acha nafasi chini ya sakafu ya kuingiza mkono na tochi. Kati ya ubao na ubao acha milimita tano maji yapite, na kwa walio karibu na bahari skrubu ziwe zisizoshika kutu, kwani chumvi hula misumari ya kawaida upesi sana. Mvule, mninga na mkongo huvumilia nje, lakini misitu yake imekatwa kupita kiasi. Ukinunua, dai kuona hati za Wakala wa Huduma za Misitu, na muuzaji akisitasita ondoka. Mimi ningechukua msaji wa kupandwa, au paini iliyotiwa dawa kiwandani. Oili chafu ambayo mafundi wengi huipendekeza ibaki kwenye nguzo za chini tu. Juu itachafua nguo na kunuka kila jua likiwaka.

Paa la makuti, na namna ya kumtambua fundi anayejua kuyapanga yasivuje, nitayaeleza katika sehemu ya sita.