Kompyuta ya zamani, gemu za leo: namna ya kuiongezea nguvu bila kumaliza mtaji

RUMONGE, Burundi – Mwenye chumba cha gemu katika mwambao wa Ziwa Tanganyika hukutana na swali moja kila wateja wanapolalamika kwamba picha inakatakata: anunue kompyuta nyingine, au aiongezee nguvu ile aliyo nayo? Swali hili si la ufundi peke yake. Ni la mtaji, kwa sababu karibu kila kipande kinachohitajika hutoka nje ya nchi na hulipiwa kwa fedha za kigeni.

Mwezi Mei 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi (BRB) ilishusha thamani ya faranga, na dola moja ikapanda kutoka faranga 2,100 hivi hadi 2,900 hivi kwa bei rasmi. Katika miaka ya 2024 na 2025 dola ya mitaani ilizidi mara mbili ya bei hiyo. Kwa hiyo mfanyabiashara mdogo anayenunua kipande kisichoingia katika mashine yake hapati hasara ya kipande tu. Anapoteza pia dola alizozitafuta kwa shida, na nauli ya kukirudisha huenda ikazidi faida.

Vifaa hivi hufika Rumonge kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni kupitia Bujumbura, kilomita 75 hivi kwa barabara ya RN3. Ya pili ni kupitia Kigoma, mwisho wa reli ya kati inayotoka Dar es Salaam, kisha kwa boti au kwa barabara ya Manyovu na Mugina.

Jua kwanza ulicho nacho

Mashine zinazopatikana kwa bei nafuu katika masoko ya ukanda huu ni zile zilizokuwa za maofisi, kama Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012 au HP EliteDesk 800 G1 ya mwaka 2013. Hazikutengenezwa kwa ajili ya gemu, lakini nyingi zina prosesa ya Core i5 ambayo bado ina nguvu ya kutosha kwa gemu za miaka ya nyuma. Udhaifu wake mkubwa uko kwenye picha. Kwa mfano, Core i5-3470 hutegemea grafiki ya ndani ya HD 2500, ambayo ni dhaifu sana kwa gemu za mpira za miaka ya karibuni.

Kabla ya kutoa hata faranga moja, andika mambo manne kwenye karatasi: jina kamili la prosesa, aina ya RAM, wati za pawasaplai na ukubwa wa kasha. Karatasi hiyo ndiyo utakayoibeba sokoni. Kama mashine ni ya Core 2 Duo na inatumia RAM ya DDR2, usiiongezee kitu. Fedha hiyo iwe akiba ya kununua mashine ya Core i5. Lakini kama tayari ni i5 nzima, wahenga walishasema: usiache mbachao kwa msala upitao.

Hatua kwa hatua, kama fedha inavyoingia

Katika mji unaotegemea samaki na mawese, fedha haiingii sawa mwezi mzima. Ndagala huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi inapokuwa kubwa wavuvi hupumzika, na mzunguko wa fedha hupungua. Ndiyo maana ni vyema kuigawa kazi katika hatua ambazo kila moja inaleta faida yake yenyewe hata kama inayofuata itachelewa.

Hatua ya kwanza ni usafi. Fungua kasha, ondoa vumbi kwenye feni, na badilisha dawa ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia mwendo yenyewe, na mchezaji huona gemu imekuwa nzito. Gharama ya hatua hii ni ndogo kuliko zote.

Hatua ya pili ni kuweka SSD ya SATA badala ya diski ya kuzunguka. SSD haiongezi idadi ya picha kwa sekunde, lakini mashine huwaka haraka na gemu hufunguka mapema. Kwa chumba kinacholipisha kwa dakika, dakika hizo ni mapato. Diski ya zamani ibaki ndani kwa ajili ya kuhifadhi gemu zisizochezwa sana.

Hatua ya tatu ni RAM. GTA V, iliyotoka kwa kompyuta mwaka 2015, iliridhika na GB 4 kwa kiwango cha chini. EA Sports FC 24 ya mwaka 2023 inataka GB 8. Vipande viwili vya GB 4 ni bora kuliko kimoja cha GB 8, kwa sababu prosesa husoma njia mbili kwa pamoja. Hapa kuna mitego mitatu. RAM ya DDR4 haiingii kwenye nafasi ya DDR3. RAM ya laptopu ni fupi na haifai. Na RAM za seva, ambazo huuzwa rahisi, hazifanyi kazi kwenye mashine hizi hata kama nyingine zinaingia vizuri. Tangu mwishoni mwa mwaka 2025 bei ya RAM mpya duniani imepanda kwa sababu ya mahitaji ya mitambo ya akili bandia, hivyo DDR3 iliyotumika isidharauliwe.

Hatua ya nne, na ya gharama kubwa zaidi, ni kadi ya grafiki.

Hesabu ya wati

OptiPlex 7010 ya kasha kubwa ina pawasaplai ya wati 275, na ile nyembamba ina wati 240. Prosesa ya i5-3470 imepimwa kwa wati 77. Kadi ya GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 hutumia wati 75, na nyingi hazihitaji waya wa ziada kwa sababu umeme wote hutoka kwenye madabodi. Ukiongeza wati 40 kwa diski, feni na mengineyo, jumla ni 192. Mashine itabeba. GTX 1650 ya mwaka 2019 nayo ipo katika wati 75, ila chagua isiyo na tundu la waya wa ziada.

RX 6400 ya mwaka 2022 inatumia wati 53 tu na inaonekana kama jibu zuri. Tatizo lake ni kwamba huwasiliana na madabodi kwa njia nne tu, hivyo kwenye mashine za zamani hupoteza sehemu ya nguvu yake. Ni kadi ya kununua pale pawasaplai inapokuwa ndogo sana, si kwa sababu ya upya wake.

Wengine hushauriwa kubadilisha pawasaplai ili waweke kadi kubwa. Kwenye 7010 inawezekana, maana plagi yake kuu ni ile ya kawaida ya pini 24. Lakini OptiPlex 9020 inatumia plagi ya pini 8 na EliteDesk 800 G1 pini 6, kwa hiyo pawasaplai ya kawaida haitaingia bila waya wa kubadilishia. Mwenye kasha jembamba naye ahakikishe kadi ni fupi ya nusu kimo, la sivyo kasha halitafungika.

Kadi bandia

Sokoni zipo kadi za zamani sana ambazo programu yake ya ndani imebadilishwa ili kompyuta isome jina la GTX 1050 Ti. Programu ya bure ya GPU-Z, tangu mwaka 2018, huzitambua nyingi na kuandika neno FAKE mbele ya jina. Iweke kwenye flashi, na mwombe muuzaji aiwashe kadi mbele yako, kisha acheze gemu kwa dakika kumi na tano. Muuzaji akikataa, ondoka. Ukishavuka ziwa, dhamana ya mdomo haina nguvu.

Wakati wa kusafirisha, kadi isibaki imechomekwa ndani ya kasha. Mtikisiko wa boti au wa barabara unaweza kuvunja nafasi yake kwenye madabodi. Ifungwe peke yake, ndani ya mfuko usiopitisha maji.

Mpakani

Wengi hudhani cheti rahisi cha uasili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC), kinachotumika kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, kinaisaidia bidhaa yoyote iliyonunuliwa Tanzania. Sivyo. Cheti hicho ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya jumuiya, kama mchele au maharage. Kadi iliyotengenezwa China haigeuki kuwa ya Kigoma kwa kununuliwa Kigoma.

Habari njema ni kwamba katika orodha ya ushuru wa pamoja wa EAC, kompyuta na vipande vyake vimewekwa katika asilimia 0. Lakini ushuru wa forodha si kodi pekee. Kiwango cha kawaida cha TVA nchini Burundi ni asilimia 18, na kuna ada nyingine. Ni busara kuuliza ofisi ya mapato ya OBR kabla ya safari, na kubeba risiti inayoonyesha jina la kila kipande na bei yake. Mzigo bila risiti hukadiriwa na afisa, na makadirio hayo yanaweza kuwa juu ya bei uliyolipa.

Mpaka wa mashine yenyewe

FC 24 inataka angalau GTX 1050 Ti pamoja na prosesa ya kizazi cha sita, hivyo i5 ya kizazi cha tatu iko chini ya kiwango. Aidha, Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane. Mashine iliyobaki na Windows 10 isitumike kwa benki wala kwa kutuma fedha.

Kwa upande wa intaneti, Steam tangu mwaka 2023 huziwezesha kompyuta zilizo kwenye mtandao mmoja wa ndani kupeana mafaili ya gemu. Mwenye mashine tano anaweza kupakua mara moja tu, badala ya kulipia GB zile zile mara tano.

Kwa kifupi, SSD, GB 8 za RAM na kadi ya wati 75 ndivyo vinavyotosha kwa OptiPlex ya mwaka 2012. Kinachozidi hapo kiwekwe akiba kwa ajili ya mashine ya kizazi cha nane, na siku itakapofika, SSD na kadi hiyo vitahamia humo, mradi kasha na pawasaplai yake vinaruhusu.