Kasi ya Boti ya Uvuvi Mseto Inavyopatikana

Boti ya uvuvi mseto ni boti ya urefu wa futi 18 hadi 21 hivi, inayotumika zaidi kwenye Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini na kwenye maziwa ya Minnesota, Wisconsin na Kanada. Imeundwa ili mvuvi mmoja aweze kukokota chambo kilindini akitafuta samoni, kuvua walleye penye miamba, na kurusha ndoano kandokando ya ufuko bila kubadili chombo. Kwa hiyo ina kuta ndefu za kuzuia mawimbi, tangi kubwa la petroli, matangi ya maji ya kuweka samaki wakiwa hai, betri kadhaa na makabati ya vifaa. Yote hayo yanaifanya ifae kwa kazi, na yote yanaipunguzia kasi.

Kizuizi cha kwanza ni umbo la kitako. Ziwa Erie, kwa mfano, lina kina cha wastani wa mita 19 tu, na upepo ukivuma huinua mawimbi mafupi yenye miinuko mikali. Boti yenye kitako bapa hugongagonga juu ya mawimbi hayo hadi abiria wakaumia. Mbunifu wa Marekani Ray Hunt alionyesha dawa yake kwa kitako chenye umbo la V ya kina kuanzia omo hadi tezi. Mwaka 1960 boti ya umbo hilo, Moppie, ilishinda mashindano ya kutoka Miami hadi Nassau katika bahari iliyochafuka. V hiyo hupasua wimbi badala ya kuligonga, lakini sehemu ya nguvu ya injini hupotea kwa kusukuma maji pembeni. Waundaji hufidia hasara hiyo kwa kupunguza ukali wa V kuelekea tezi, na kwa kuweka migongo midogo inayofuata urefu wa kitako ili ibandue maji na kuinua boti. Baadhi huacha pia ukanda mwembamba ulio bapa katikati ya kitako. Boti ikishashika kasi, huteleza juu ya ukanda huo peke yake.

Kizuizi cha pili ni uwiano wa uzito na nguvu. George Crouch, mbunifu wa boti za mashindano za miaka ya 1920, aliacha kanuni inayotumika hadi leo: kasi ya boti inayoteleza juu ya maji hufuata kipeuo cha pili cha nguvu ya injini ikigawanywa kwa uzito. Maana yake ni kwamba kuongeza kasi kwa asilimia 10 kunahitaji nguvu zaidi kwa asilimia 21. Boti ya kilo 1,360, pamoja na watu na vifaa, ikiwa na injini ya nguvu farasi 200, hukadiriwa kufikia kilomita 79 kwa saa. Ikifungwa injini ya nguvu farasi 250 yenye uzito uleule, hufika 88. Ikibaki na injini yake ya 200 lakini ikapunguzwa kilo 100, hufika 82 bila gharama yoyote.

Kilo 100 hizo si vigumu kuzipata. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo tangi la samaki lenye lita 100 likimwagwa kabla ya safari ndefu, mzigo wote huo umeondoka. Mahali mzigo ulipo nako kuna uzito wake: vitu vizito vikirundikwa omo, omo huzama na kitako kingi hulowa. Vikisogezwa tezi, omo huinuka na msuguano hupungua. Vikizidi huko tezi, boti huanza kunesanesa, omo ikipanda na kushuka bila kutulia.

Baada ya mzigo, kinachofuata ni rafadha. Rafadha hupenya maji kama skrubu inavyopenya ubao, na kipimo chake muhimu ni hatua, yaani umbali ambao ingesonga kwa mzunguko mmoja kama maji yasingeteleza. Tuseme injini inazunguka mara 6,000 kwa dakika, gia inapunguza mizunguko hiyo kwa uwiano wa 1.75, na rafadha ina hatua ya inchi 20. Kwa hesabu, boti ingekwenda kilomita 104 kwa saa. Kifaa cha GPS kikionyesha 94, asilimia 10 imepotea kwa kuteleza, na hicho ni kiwango kizuri. Hasara ikipita asilimia 15, kuna kasoro ya kutafutwa: rafadha imepinda, haiendani na boti, au injini imefungwa juu mno.

Kila injini ina kiwango cha mizunguko kilichowekwa na mtengenezaji, na nyingi za kisasa hufika karibu 6,000. Kabla ya kununua chochote, boti ipimwe ikiwa na mzigo wake wa kawaida na mafuta yakiwa yamefunguliwa yote. Mizunguko isipofika kiwango hicho, hatua ya rafadha ni kubwa kupita kiasi. Mizunguko ikipita, hatua ni ndogo. Kubadili inchi moja ya hatua hubadili mizunguko 150 hadi 200 hivi. Rafadha ya chuma kisichoshika kutu huzidi ya alumini kwa sababu mapanga yake ni membamba na hayapindi yanaposukuma maji kwa nguvu. Kwa kawaida yenye mapanga matatu hutoa kasi kubwa zaidi kidogo, na yenye manne hushika maji vizuri zaidi kwenye mawimbi na kwenye kona.

Kimo cha injini nacho huamua mengi. Juu ya rafadha kuna bati pana linalozuia hewa isivutwe chini. Injini iliyofungwa chini sana hukokota chuma kingi ndani ya maji. Ikiinuliwa hadi bati hilo lilingane na kitako au lipande juu kidogo, kasi huongezeka. Kuinua kufanywe kidogokidogo, jicho likiwa kwenye kipimo cha shinikizo la maji ya kupooza injini, kwani tundu la kuvuta maji likitoka nje, injini huungua. Halafu kuna swichi ya kuinamisha injini iliyo mkononi mwa nahodha: boti ikishapanda juu ya maji, injini huinuliwa polepole hadi omo ianze kunesa, kisha hurudishwa chini kidogo tu.

Mwisho ni hali ya kitako chenyewe. Mwani hupunguza kasi. Vilevile trela isiyobeba boti sawasawa hukibonyeza kitako karibu na tezi, na bonde hilo huisukuma omo chini kila safari.

Kwa boti zisizofika futi 20, sheria ya Marekani humtaka mtengenezaji abandike kibao kinachotaja nguvu kubwa kabisa ya injini inayoruhusiwa, na kibao hicho hakipaswi kuvukwa. Tangu tarehe 1 Aprili 2021, nahodha wa boti isiyofika futi 26 analazimika pia kutumia swichi ya kuzima injini, ambayo kwa kawaida ni kamba iliyofungwa mwilini mwake, boti inapokwenda kwa kasi. Anayetaka mwendo basi aanze na mzigo, rafadha na kimo cha injini, aivae kamba hiyo, ndipo afikirie injini kubwa zaidi.