Ngumi Nne Maskati, Ngumi Saba Unguja

Mzee mmoja, mzaliwa wa Unguja anayeishi Maskati tangu miaka ya 1970, aliniuliza: “Mwanangu, ule ukanda mweupe tuliouona utosini udogoni, huku umekwenda wapi?”

Upo, ila umelala kusini.

Ukanda huo ni Njia Nyeupe, galaksi yetu tunayoitazama tukiwa ndani yake. Ina umbo la chapati: upana wake kama miaka ya nuru 100,000, na nyota zisizopungua bilioni 100. Jua letu limo humo humo, miaka ya nuru 26,000 hivi kutoka katikati. Ukitazama kwa ubavu wa chapati, nyota hurundikana hata zikawa kama moshi. Michirizi myeusi inayoukata moshi huo ni vumbi linaloziba nuru ya nyota zilizo nyuma yake.

Ukanda hung’aa zaidi upande wa katikati ya galaksi, kwenye nyota za Kausi, karibu na mkia wa Nge. Sasa nyosha mkono, kunja ngumi: upana wake angani ni kama nyuzi 10. Unguja, sehemu hiyo hupanda hadi nyuzi 67, ngumi saba kasoro. Maskati, iliyo nyuzi 23.6 kaskazini ya ikweta, huishia nyuzi 37. Hata ngumi nne hazitimii.

Maskati nayo ina nyota ya Jaa, ngumi mbili na zaidi juu ya upeo wa kaskazini, wakati ukiwa Unguja nyota hiyo imezama chini ya upeo. Manahodha waliijua hesabu hii. Katika karne ya 15, Ahmad ibn Majid wa Julfar aliandika jinsi ya kupima kimo cha Jaa kwa vidole: chombo kikienda kusini inashuka, kikirudi inapanda.

Ukisimama Mutrah, pwani ya Maskati, usitarajie kuuona ukanda, kwa taa na unyevunyevu wa pwani. Utafiti wa mwaka 2016 ulionyesha kuwa zaidi ya theluthi moja ya wanadamu wamekwisha kuupoteza kwa mwanga wa taa. Lakini milima ya Hajar bado ina giza, na katika vijiji vya Oman wakulima waligawana maji ya falaji, yaani mifereji ya umwagiliaji, usiku kwa kufuata nyota.

Mpeleke mzee wako huko mwezi wa Agosti, usiku usio na mbalamwezi, saa mbili hadi saa tatu. Zimeni simu, yape macho dakika 20 yazoee giza, kisha mgeuze kusini.