Injini ya Mlimani na Injini ya Pwani: Funzo Kutoka Ganako

Ni jambo lisilopingika kwamba pikipiki imekuwa chombo cha kutegemewa na wananchi wa hali ya chini katika nchi yetu. Tangu zilipotungwa kanuni za mwaka 2010 za leseni za pikipiki na bajaji huko Bara, maelfu ya vijana wamepata riziki kwa kubeba abiria na mizigo. Lakini si kila kijana ana uwezo wa kununua chombo kipya. Wengi huanza na pikipiki kuukuu, na mara tu wanapoipata hutaka iongezewe nguvu. Sisi hatuoni kosa katika nia hiyo. Tunachouliza ni hiki: nguvu ya aina gani, na kwa barabara ipi?

Kwa swali hili tunawaomba ndugu zetu wa Visiwani watufuate kwa fikra hadi Ganako, kata iliyomo katika Wilaya ya Karatu, Mkoa wa Arusha. Hiyo ni nchi ya udongo mwekundu, ya mahindi, ngano, mbaazi na kahawa, iliyoinuka kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Anayetoka Mto wa Mbu hupanda ukuta wa Bonde la Ufa mpaka afike huko. Na akiendelea kuelekea Ngorongoro, ukingo wa kreta humpokea kwenye kimo cha mita 2,300 hivi. Safari hiyo fupi ni mtihani mkubwa kwa injini yoyote iliyochakaa.

Sababu yake ni hewa. Injini haiendi kwa petroli peke yake. Huenda kwa petroli iliyochanganyika na hewa kwa kipimo maalumu. Kadiri mtu anavyopanda mlima, ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi. Kwa sababu hiyohiyo maji huchemka Karatu yakiwa na joto la nyuzi 95 badala ya 100, na mama mwenye kupika maharage hulazimika kuongeza kuni. Katika kimo cha Ganako uzito wa hewa iingiayo katika silinda hupungua kwa takriban sehemu 15 katika kila 100, na kwenye ukingo wa kreta kwa takriban sehemu 20. Nguvu ya injini nayo hupungua karibu kwa kiasi hichohicho.

Sasa tutazame kabureta ya pikipiki ya zamani. Ndani yake mna kijitundu cha shaba kipimacho petroli, ambacho mafundi hukiita jeti. Jeti haijui mlima wala pwani. Hupitisha petroli karibu ileile popote ilipo. Hivyo pikipiki iliyorekebishwa Unguja ikipelekwa Ganako hupata petroli nyingi kuliko hewa. Dalili zake ni moshi mweusi, plagi iliyojaa masizi, injini kukohoa mlimani, na tangi kukauka kabla ya wakati. Mwenye chombo hudhani injini imekufa, kumbe imeshiba kupita kiasi. Dawa yake ni jeti ndogo zaidi na kichujio cha hewa kisichozibwa na vumbi jekundu.

Wengi, hata hivyo, hukimbilia dawa kubwa na ghali. Tuchukue mfano wa Honda CG125, pikipiki iliyoanza kutengenezwa mwaka 1976 kwa ajili ya nchi kama zetu, na ambayo viwanda vya China viliiga injini yake kwa wingi baadaye. Silinda yake ina upana wa milimita 56.5, na pistoni husafiri milimita 49.5; ujazo wake ni sentimita za ujazo 124. Kijana huambiwa kwamba silinda ikitanuliwa na kutiwa pistoni kubwa zaidi, pikipiki itaruka. Hebu tupige hesabu. Silinda ikitanuliwa hadi milimita 57, ujazo hufika sentimita 126. Ongezeko hilo halifiki hata sehemu 2 katika 100, hali mlima umekwisha kuchukua sehemu 15! Faida ya kutanua silinda ni kuondoa mikwaruzo na kurudisha mgandamizo uliopotea kwa uchakavu. Hiyo ni faida ya kweli, lakini ni ya kurejesha nguvu ya asili, wala si ya kuzaa nguvu mpya.

Wapo pia wanaosaga uso wa kichwa cha silinda ili mgandamizo uzidi. Mlimani, ambako hewa ni nyepesi, injini huweza kuvumilia kazi hiyo ikifanywa kwa kiasi na kwa vipimo. Wengine huondoa kizuia sauti cha bomba la moshi, wakidhani kelele ni nguvu. Kelele si nguvu. Ni usumbufu kwa wagonjwa, wanafunzi na watu walio katika ibada.

Mkulima wa Ganako mwenye gunia nyuma ya kiti haitaji mbio, anahitaji mvuto. Hilo hupatikana kwa gharama ndogo katika sproketi. Sproketi ya mbele yenye meno 15 ikibadilishwa na ya meno 14, nguvu ya kuvuta kwenye gurudumu huongezeka kwa takriban sehemu 7 katika 100, na mwendo wa juu hupungua kwa kadiri hiyo. Kwa barabara ya kupanda, huo ni mpango wenye busara.

Tena isisahaulike kwamba kila mpando una mteremko wake. Chombo kinachokwenda kilomita 80 kwa saa hubeba nishati inayokaribia mara mbili ya kile kinachokwenda 60, na breki za ngoma za pikipiki kuukuu hupata moto na kulegea upesi. Anayeongeza nguvu ya injini pasipo kutazama breki, matairi na mnyororo amejenga nyumba yenye paa bila nguzo. Kwenye ukuta wa Bonde la Ufa gharama yake ni roho ya abiria.

Je, mambo haya yanawahusu nini watu wa Unguja na Pemba? Yanawahusu sana, kwani pikipiki huuzwa na kuhamishwa kutoka Bara hadi Visiwani. Chombo kilichotiwa jeti ndogo kwa hewa ya Ganako kikishushwa pwani hukutana na hewa nzito. Hapo petroli huwa haba kwa hewa, plagi hugeuka nyeupe, joto hupanda, na pistoni huweza kutoboka. Kama kichwa cha silinda nacho kilisagwa, injini itagonga kama nyundo. Mnunuzi atalaumu bahati yake, ilhali kosa ni kutoambiwa historia ya chombo. Manahodha wetu hawatweki tanga lilelile kwa kila upepo. Mwenye pikipiki naye afuate mwendo huo.

Basi tunatoa mwito. Kwanza, kila fundi anayebadilisha jeti, pistoni, kichwa cha silinda au sproketi aandike alichokifanya na kumkabidhi mwenye chombo, na karatasi hiyo ifuatane na pikipiki inapouzwa. Pili, maofisa wanaokagua vyombo, Bara na Visiwani, watofautishe marekebisho ya lazima na uchezeaji wa hatari. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inayotumika Bara haikutungwa ili kumkomoa fundi mwenye maarifa, bali kulinda maisha. Tatu, VETA na SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, ziwafikishie mafundi wa wilayani vyombo vya kupimia silinda na mgandamizo, maana fundi asiye na kipimo hubahatisha kwa fedha ya mwenzake.

Siasa ya kujitegemea haikuwa na maana ya kila mtu kubuni lake gizani. Ilikuwa na maana ya kutumia akili na vipimo kukitengeneza kile tulicho nacho kilingane na mahali tulipo. Kijana anayeifanya pikipiki yake kuukuu ipande kutoka Mto wa Mbu hadi Ganako ikiwa na mzigo, bila moshi, na kisha ishuke salama, amefanya kazi ya uhandisi inayostahili heshima. Serikali na wananchi tuna wajibu wa kumpa elimu na vifaa vya kuifanya kazi hiyo sawasawa.