Mgeta Ipi? Faida ya Kuunganisha Habari za Ramani za Taifa

Kila mwanafunzi wa kidato cha nne ajua kwamba katika mtihani wa taifa jina halitoshi. Lazima kuwe na namba: kwanza namba ya shule, ianzayo na herufi S, kisha namba ya mtahiniwa mwenyewe. Wanafunzi wawili waweza kuitwa jina moja, hata na baba zao wakawa na jina moja, lakini namba zao hazifanani kamwe. Katika makala haya nataka kueleza kwamba mahali napo pana haja ya namba ya namna hiyo, na kwamba bila hiyo ramani zetu hazitaweza kutusaidia kama ipasavyo.

Chukueni jina la kwetu, Mgeta. Afisa wa wilaya ya Mvomero akisema Mgeta, huenda anataja tarafa nzima, pamoja na Langali, Nyandira, Tchenzema na Bunduki. Dereva wa lori la kabichi akisema Mgeta, anataja pale panapokuwa na maduka na soko. Tena Mgeta ni mto, ambao huanza katika milima ya Uluguru, ukashuka mpaka nyanda za Kisaki na kuungana na Ruvu. Huko chini majeshi ya Waingereza na Wajerumani yalikabiliana mwaka 1916, na katika vitabu vya vita hivyo Mgeta si nchi ya baridi na mboga, bali ni tambarare ya joto. Zaidi ya hayo, katika mkoa huu huu wa Morogoro, kupita Ifakara katika bonde la Kilombero, iko Mngeta. Tofauti ni herufi moja tu.

Binadamu akitatizwa huuliza, "Mgeta ipi?" Kompyuta haiulizi. Yenyewe huona herufi tu. Tchenzema na Chenzema ni pamoja, lakini kompyuta huhesabu kuwa mahali pawili. Kisiwa cha Pemba na Pemba iliyomo Mvomero ni mahali pawili, lakini yenyewe huweza kupafanya pamoja.

Pengine msomaji atasema kuwa hilo ni jambo dogo. Hebu tutazame. Idara ya Upimaji na Ramani ina karatasi za kipimo cha 1:50,000, ambazo twazisoma katika somo la jiografia, zenye mito, vilima na vijiji. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ina hesabu ya watu ya sensa ya mwaka 2022. TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017, ina habari za barabara za vijijini. Wizara ya Afya ina orodha ya zahanati. Kila ofisi ina daftari lake.

Sasa tuseme mganga mkuu wa wilaya anataka kujua hivi: mvua za masika zikikata barabara, ni vijiji gani vya milimani vitakavyobaki bila njia ya kufika zahanati, na watu wangapi wanakaa humo? Jibu lake limo serikalini, lakini limo vipande vipande. Karani mmoja hana budi kukaa na madaftari manne akifananisha majina, moja baada ya jingine. Mama mjamzito anayeteremshwa mlimani kwa machela hawezi kumngoja karani huyo.

Dawa ya shida hii ni ile iitwayo data huria zilizounganishwa. Mwingereza Tim Berners-Lee, ambaye alibuni wavuti mwaka 1989, aliandika kanuni zake mwaka 2006. Kwa kifupi ni hizi: kila kitu kipewe anwani yake peke yake, anwani hiyo iweze kufunguliwa katika intaneti, atakayeifungua akute maelezo yaliyopangwa vizuri, ambayo hata mashine yaweza kuyasoma, na maelezo hayo yataje anwani za vitu vingine vinavyohusika. Neno huria maana yake ni kwamba mtu yeyote ana ruhusa ya kuyatumia.

Maelezo yenyewe huandikwa kama sentensi fupi za somo la Kiswahili, zenye kiima, kitenzi na yambwa. "Langali imo katika tarafa ya Mgeta." "Zahanati hii inahudumia Langali." "Barabara hii inavuka mto Mgeta." Sentensi ya kwanza yaweza kutoka ofisi ya ramani, ya pili Wizara ya Afya, na ya tatu kwa watu wa barabara. Maadamu kila mahali pametajwa kwa anwani ile ile, kompyuta huziunga na kutoa jibu ambalo hakuna ofisi moja iliyoliandika. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Uingereza ilianza kazi hiyo zamani kidogo. Shirika lao la ramani, Ordnance Survey, lilifungua sehemu ya habari zake mwaka 2010, na wilaya na kata zao zikapewa anwani za intaneti. Kwetu mbegu zipo pia. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria mjini Dar es Salaam, ambapo wanafunzi wa vyuo vikuu pamoja na wenyeji wa mitaa walichora njia, mifereji na nyumba kwa ajili ya kujikinga na mafuriko, wakaziweka katika ramani ya OpenStreetMap iliyo wazi kwa watu wote. Mwaka 2022 nchi nzima ilifanya operesheni ya anwani za makazi. Tena tunayo postikodi ya tarakimu tano: tarakimu mbili za kwanza huonyesha kanda na mkoa, ya tatu wilaya, na mbili za mwisho kata. Morogoro yetu huanza na 67. Lililobaki ni madaftari yote kuitumia namba moja, na namba hiyo kushuka kutoka kata hadi kijiji, mto na daraja.

Lakini hadhari mbili zatakiwa. Kwanza, kiungo kibaya ni kibaya kuliko kukosa kiungo. Mtu akiunga Mgeta na Mngeta kwa makosa, kosa lake litanakiliwa kila mahali, na dawa zetu zaweza kupelekwa Kilombero. Pili, si kila jambo ni la kuwekwa wazi. Zahanati iko wapi, hilo ni la watu wote. Nani alitibiwa humo na kwa ugonjwa gani, hilo ni siri yake.

Ndugu zangu wanafunzi, kompyuta ya Dodoma haiwezi kujua kwamba kijito fulani kina majina mawili, moja la wakazi wa juu na moja la wakazi wa chini. Wazee wetu wanajua. Napendekeza chama cha jiografia kianze daftari la majina ya vilima, vijito na vitongoji vya tarafa hii, kila jina na namna zote linavyoandikwa, na mahali penyewe pakipimwa kwa simu ya mwalimu. Wazazi nao watusaidie wakati wa likizo kwa kutueleza wanayoyajua. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Majina ya nchi yetu ni mali, na wanaoyajua wote wanazidi kuzeeka.